Mshumaa wa Mchana

Mama alipokuwa anafunga mizigo ya kurudi nyumbani moja kwa moja, vitu vya kwanza kuingia kwenye sanduku havikuwa nguo wala zawadi za ndugu. Zilikuwa glasi. Ni glasi fupi, nene, zisizo na urembo wowote, na kila mgeni aliyewahi kuvuka mlango wetu wa Edmonton, London, amenywea chai humo, kuanzia mchungaji hadi fundi wa boila ya maji moto. Mama aliketi kwenye zulia akawa anazivingirisha moja moja kwa gazeti la bure la kituoni, na mimi nikawa nampa soksi za kuzijazia ndani zisivunjike. Hakuna mgeni hata mmoja aliyewahi kuuliza zimetoka duka gani, na sisi hatukuwahi kumwambia mtu kwamba kila moja ilianza maisha yake ikiwa na mshumaa ndani.

Niliinusa moja kabla sijaijaza soksi. Najua haiwezi kunuka kitu baada ya miaka yote hiyo ya sabuni, lakini pua ina ukaidi wake. Nilisikia nta ya moto na njiti ya kiberiti iliyotoka kuzimwa, na papo hapo nikawa na miaka tisa, nimesimama jikoni kwa watu, nimefanya kosa.

Niliingia London na begi moja na hasira. Begi lilipotea uwanja wa ndege, likaletwa siku ya pili. Hasira ilifika salama.

Mama aliondoka Morogoro nikiwa na miaka mitano. Wenzangu mliolelewa na bibi zenu mtaelewa bila mimi kusema mengi: mama anatangulia, anakwenda kutafuta maisha, atatuma nauli, na mtoto anabaki nyuma akiwa na viatu vizuri kuliko wenzake wote darasani. Ninachokumbuka cha siku ile ni stendi ya Msamvu, moshi wa basi kubwa la Dar es Salaam, harufu ya mahindi ya kuchoma, na mama dirishani anacheka. Sisemi alitabasamu. Alicheka, meno yote nje, anapunga kitambaa chake cha kichwa kama mtu anayekwenda harusini. Mimi nililia mpaka nikatapika, bibi akanifuta mdomo kwa ncha ya kanga yake, na basi likakata kona mama bado anacheka.

Mtoto hasubiri kuelezwa, anajitengenezea maelezo yake. Mimi niliamua kwamba mama alifurahi kuniacha, na nikayatunza maelezo hayo kwa miaka minne kama mtu anayetunza cheti. Neno mama nikampa bibi, ambaye alilistahili kwa kila uji alionipikia. Kwa hiyo nilipoletwa London hatimaye, na mwanamke mwenye koti jeusi akanikumbatia uwanjani mpaka nikakosa pumzi, sikuwa na jina la kumwita. Heshima sikuikosa, bibi angenichapa kwa simu. Kila asubuhi nilimwamkia, "Shikamoo," nikaishia hapo, kama ninavyomwamkia muuza duka. Naye akajibu kila asubuhi, "Marahaba, mwanangu," kisha akawa anangoja kidogo, kama mtu anayesubiri chenji. Miezi mitano ikapita hivyo, na kwa mambo ya namna hii mimi nilikuwa na moyo wa jiwe.

Kazi ya mama ilikuwa kuzunguka nyumba za wazee, kuwaogesha, kuwavisha, kuwapa dawa na kifungua kinywa, kisha anakimbilia basi kwenda kwa mwingine. Ofisi yao haikuruhusu kabisa mtu kwenda kazini na mtoto. Lakini ikaja ile likizo ya wiki moja ya katikati ya muhula, jirani aliyekuwa akinishika akasafiri, na mama hakuwa na pa kuniacha. Mzee mmoja tu ndiye aliyemwambia, "Mlete." Alikuwa Bibi Ilse.

"Sikiliza," mama aliniambia ndani ya basi. "Ukifika pale usiguse kitu. Usiombe kitu. Ukipewa kitu, sema asante mara moja, siyo mara tatu kama juzi kwa mwalimu."

"Sawa."

"Na usimuulizeulize maswali. Yule bibi ni Myahudi. Aliletwa nchi hii akiwa mtoto, wakati wa Hitler, wazazi wake wakabaki kule. Umesikia?"

Nilisikia, ila nilishikwa na neno moja tu. Wayahudi niliwajua vizuri sana, kutoka shule ya Jumapili. Walitoka Misri, wakavuka bahari, wakala mana, na nilidhani walikwisha pamoja na Biblia. Sikujua kwamba mmoja wao anaishi Edmonton na mlango wake una kengele.

"Anamjua Musa?" nikauliza.

Mama aligeukia dirishani. Mabega yake yakawa yanatikisika, na mimi nikakasirika zaidi kwa sababu hata pale alikuwa anacheka.

Bibi Ilse alikuwa mwembamba, nywele nyeupe zimekatwa sawasawa na masikio, sweta lake limefungwa vifungo vya kupishana. Alitembea kwa kusukuma kile kiegemeo cha magurudumu kwa sababu ya nyonga. Kiingereza chake kilikuwa cha kwao, kizito, na alikisema polepole kwa kuwa alikumbuka mwenyewe jinsi inavyokuwa kutokielewa. Mimi niliyekuwa nakaa darasani kama mtu aliyezama majini, kwake nilielewa karibu kila neno. Alinipa mkono kama mtu mzima mwenzake. Akaniuliza jina, nikamwambia Flora, akasema ni jina zuri la kuvaa nchi yoyote.

Mama akampandisha ghorofani kuoga. Mimi nikaambiwa nikae jikoni.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Jikoni kulikuwa na harufu ya kitunguu na vitabu vya zamani, na baridi kiasi. Na pale kando ya sinki, juu ya kisahani, kulikuwa na mshumaa mfupi ndani ya glasi, unawaka peke yake mchana kweupe.

Hapa lazima nieleze nyumba yetu. Umeme wetu ulikuwa wa kulipia kwanza, kama luku ya nyumbani, isipokuwa kule ulikuwa na kiufunguo cha plastiki cha kupeleka dukani kujaziwa. Kiufunguo kikiisha nguvu nyumba inazima yote, na mama anawasha mshumaa mpaka apate nafasi ya kwenda dukani. Ilikuwa imetutokea juzi yake tu. Kwa hiyo nilipouona ule mshumaa sikujiuliza mara mbili. Nilijua: umeme wa bibi umeisha, naye kwa uzee amesahau kuzima mshumaa kulipokucha. Bibi yangu wa Morogoro alikuwa na sheria moja kuhusu mishumaa, na aliisema kwa ukali kuliko Amri Kumi. Mshumaa ni wa usiku, na anayeuwasha mchana anatuunguzia usiku wetu.

Ningebonyeza swichi ukutani ningejua ukweli, lakini nilikuwa nimeambiwa nisiguse kitu. Mshumaa sikuuhesabu kuwa kitu. Nilimwonea huruma yule mzee, peke yake, na nyonga yake, gizani. Nikainama, nikapuliza. Nikaifunika glasi kwa kisahani kingine vumbi lisiingie, nikaweka kiberiti juu yake ili akikute kwa urahisi jioni. Kisha nikakaa kwenye kiti nikiwa nimejipenda sana.

Waliporudi chini Bibi Ilse alikuwa amevaa blauzi nyeupe, amechana nywele. Alifika mlangoni, akatazama pale kando ya sinki, na magurudumu yake yakasimama.

"Flora," mama akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini ambayo sijaisahau. "Umeuzima wewe?"

"Nimemtunzia."

Mama alijua. Asubuhi ile ile Bibi Ilse alikuwa amemwambia kwamba ule ni mshumaa wa wafu wake, unawashwa mara moja kwa mwaka, unaachwa mpaka uishe wenyewe usiku na mchana. Akaanza kuomba radhi kwa Kiingereza, maneno yakigongana, mkono wake ukiwa begani kwa yule mzee. Nilielewa mambo mawili kwa mpigo: kwamba nimeharibu kitu kikubwa, na kwamba mama anaweza kufukuzwa kazi kwa ajili yangu. Nashangaa hadi leo kwamba lile la pili ndilo lililoniuma zaidi.

Bibi Ilse aliinua kiganja, mama akanyamaza. "Kwa nini?" akaniuliza mimi. Hakuuliza kwa ukali. Alitaka kujua.

Nikakusanya Kiingereza changu chote. Nikasema umeme umeisha. Nikasema mchana jua lipo. Nikasema usiku giza, yeye peke yake, mshumaa umekwisha, atafanyaje?

Alisukuma kiegemeo chake hadi ukutani, akabonyeza swichi, na taa ikawaka juu ya vichwa vyetu. Wote watatu tukaitazama. Ndipo akacheka, kicheko kifupi chenye machozi, akaketi kwenye kiti kilichokuwa changu.

"Njoo," akasema. "Uwashe wewe."

Njiti ya kwanza ilivunjika. Ya pili ikashika. Nilipourudisha mshumaa mahali pake akaniambia ni wa mama yake na baba yake. Siku waliyokufa haijui, akasema, na kaburi hawana, kwa sababu waliowaua hawakumwandikia mtu barua. Kwa hiyo alichagua siku yake mwenyewe, siku ambayo aliwaona mara ya mwisho. Alikuwa na miaka minane. Watoto wa kupelekwa Uingereza kwa treni walikuwa wengi, kila mmoja ana namba shingoni kwa kamba, na wazazi hawakuruhusiwa kwenda nao.

"Watu wote pale kituoni wanalia," akasema. "Mama yangu amevaa kofia yake nzuri. Anacheka. Ananipungia mkono, anacheka, kama vile nakwenda matembezi na nitarudi jioni kula."

Nilisogea karibu na kiti chake.

"Nilimkasirikia," akasema Bibi Ilse. "Ulivyo mdogo hivyo, unajua mtoto anavyoweza kukasirika? Mimi niliweza. Hapa nilipokelewa na mtu na mkewe, watu wema mno. Walikuja kunisubiri kituo cha treni cha Liverpool Street wameshika mkate uliopakwa siagi, maana hawakujua mtoto wa kigeni anakula nini. Walinipa kitanda, wakanipa shule. Nikiwaandikia nyumbani, naandika, 'Baba mpendwa.' Kila barua, baba tu. Mama simtaji. Nilitaka aone pengo lake."

"Alikujibu?" nikauliza. Nilikuwa nimeshasahau kwamba nimekatazwa maswali.

"Baba alijibu. Mama aliongeza mstari mmoja chini, kila mara huo huo. 'Vaa soksi nzito.'" Alinyoosha kitambaa cha meza ambacho hakikuwa na mkunjo. "Nilijiambia nitamwacha aumie kidogo, halafu nitamwandikia vizuri. Nilidhani nina muda. Kisha barua zikaacha kuja."

Mama alikuwa amesimama kwenye sinki ametupa mgongo. Bomba lilikuwa linamwaga maji na hakuwa anaosha kitu.

"Nilikuwa mwanamke wa miaka thelathini," Bibi Ilse akamaliza, "ndipo nikaelewa kwamba kile kicheko kilikuwa kazi. Kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya. Na mimi nilimlipa kwa 'Baba mpendwa.'"

Aliomba chai, mama akampa. Sijui kama mama alikuwa amemsimulia habari zetu. Nimemuuliza mara nyingi, naye hunijibu kwamba wazee wanaona mengi wakiwa wamekaa tu. Bibi Ilse hakupiga simu ofisini kwa mama kunishitaki, na wiki nzima iliyobaki aliuliza kila asubuhi kama Flora yupo.

Tulipotoka tulisimama kituo cha basi, upepo unapita chini ya koti langu. Nilikuwa nimelibeba swali langu tangu Msamvu na sasa lilikuwa limeiva.

"Kwa nini ulicheka?"

Mama hakuuliza siku gani. "Bibi yako," akasema. "Alinishika mkono usiku ule kabla ya safari akaniambia, mtoto wako hana budi kulia, lakini wewe msafiri usilie mbele yake. Ukilia unaitia safari mkosi, hutamwona tena. Basi nikacheka." Alitazama lilikotakiwa kutokea basi. "Nilicheka mpaka Chalinze."

"Halafu?"

"Halafu kuanzia Chalinze sijui. Kuna mama alikuwa kiti cha pembeni, alinishika kichwa mpaka Dar. Hata jina lake sikumuuliza."

Basi likaja, tukapanda, tukakaa. Miaka minne ya hasira haiishi kwenye kituo cha basi, na mimi ni mtu wa kununa kwa mpango. Lakini kesho yake asubuhi nilitoka chumbani nikamkuta jikoni anapaka mkate siagi, na niliposema "Shikamoo" sikuweza tena kuishia pale.

"Shikamoo, mama."

Kisu kilisimama. "Marahaba," akasema. Akaenda bafuni, akafungulia maji, akakaa huko hadi mkate wangu ukawa mkavu. Nilichelewa kifungua kinywa na sikuona ubaya.

Bibi Ilse aliishi miaka saba baada ya hapo. Mshumaa ulipokwisha mwaka ule, aliiloweka glasi kwenye maji ya moto, akaikwangua nta yote, akaniletea mwenyewe mkononi. Alisema zamani kwao watu hawakutupa glasi hizi, walinywea. Mama alisitasita. Kwetu glasi ya marehemu si kitu cha kuweka kabatini na vikombe. Usiku ule aliiombea sala ndefu, akaiosha mara tatu, kisha akamimina chai humo akanywa ya kwanza, ili kama kuna lolote limpate yeye. Halikumpata. Kila mwaka ikaongezeka nyingine, na kila mwaka mimi ndiye niliyepiga kiberiti, mpaka nikawa sihitaji njiti ya pili.

Bibi Ilse aliwahi kuniambia jambo moja lililokuwa likimnyima raha. Hakujaliwa mtoto, na alijiuliza wale wawili, wazazi wake, watawashiwa na nani yeye akifa. Nikamwambia, kwa Kiingereza ambacho sasa kilikuwa kinanitoka kama maji, "Na mimi nafanya nini hapa?" Alinipiga kofi jepesi la mkono. Alipofariki, mama na mimi tulikwenda Stamford Hill kwa basi, tukaingia duka la Wayahudi, tukanunua mshumaa wa namna ile. Muuzaji alimtazama mama, akamuuliza kwa adabu amefiwa na nani. Mama akasema, "Na bibi yetu." Tangu hapo siku ya ile treni tunawasha mmoja kwa ajili ya watatu, nami nashukuru kwamba jikoni kwetu pana watu ambao hatukuzaliwa nao.

Mara nyingi nimefikiria wale mtu na mkewe na mkate wao wa siagi. Hawakunijua, wala hawakujua kwamba mtoto waliyempa kitanda atazeeka siku moja aje ampe mtoto mwingine, kutoka Morogoro, mama yake. Sina namna ya kuwashukuru zaidi ya kulisema hapa.

Wiki iliyopita nilimpeleka mama uwanja wa ndege. Nyumba ya Kihonda, kule Morogoro, imekwisha kujengwa, bibi amezeeka anataka mtu wa karibu, na miguu ya mama imechoka na ngazi za watu. Ni safari njema, sote tulikuwa tunaisema hivyo. Glasi zote zimekwenda naye isipokuwa moja, aliyoniachia kabatini bila kuniambia. Tulipofika pale ambapo wasiosafiri wanarudi, nilihisi uso wangu unaanza kuvunjika, naye akaniona.

"Flora," akasema. "Leo cheka wewe. Mimi zamu yangu nilimaliza."

Halafu akalia yeye, bila haya, mbele ya watu wote na mabegi yao. Mimi nikacheka. Nilicheka meno yote nje, nikampungia mpaka kitambaa chake cha kichwa kikapotea nyuma ya mashine za kukagulia. Nikacheka kwenye treni, watu wakanihama kiti. Nikabadilisha Liverpool Street, ambako nje ya kituo kuna wale watoto wa shaba na masanduku yao, sanamu za kuwakumbuka watoto waliokuja kwa treni kama Bibi Ilse. Nilipokuwa mdogo niliwaogopa, nilidhani ni watoto ambao hakuna aliyekuja kuwachukua. Sasa huwa nawasalimia. Nikawasalimia nikiwa nacheka, nikapanda treni ya Edmonton.

Mama alipiga simu kesho yake kutoka Dar. Nilisikia honi na watu wanaitana nyuma yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimefika salama, hata glasi moja haikuvunjika. Enhe. Ulicheka mpaka wapi?"

"Mpaka Hackney Downs."

Nikamsikia anavihesabu vituo kwa sauti ya chini. "Umejitahidi," akasema. "Vaa soksi nzito."